Mita Ilisoma Nne

29 Januari

Mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi baada ya dua. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye kambi yenu ya barabara. Usiponiambia hali yako nitaijua kwa mwandiko, maana ukiumwa herufi zako zote hulala chali. Sisi hapa hatujambo. Magoti ya mama ni yale yale, asubuhi yanakataa, mchana yanakubali. Binti yangu amefaulu mtihani, amekuwa wa tatu, na amelia siku nzima kwa sababu wa kwanza ni yule jirani yetu anayemwita kisahani. Ng'ombe mwekundu kazaa, ndama jike, alhamdulillahi.

Sasa keti. Pikipiki imekufa.

Jumatatu nilitoka baada ya sala ya alfajiri na makopo yangu mawili, lita ishirini kulia, lita ishirini kushoto, kuwapelekea watoto wa wodini maziwa yao. Nilipofika katikati ya kilima cha shule nikasikia injini inagonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa chumbani anaomba mlango. Nikapunguza mwendo, nikasoma dua. Ikagonga tena, ikatoa moshi wa buluu, ikajifunga. Kiki haikanyagiki hata ukiikalia. Nikasukuma na maziwa yangu hadi hospitali, nikafika saa mbili na nusu badala ya saa moja. Sista mkuu wa wodi akayapima kwa kile kipimo chake cha kioo, akayakataa yote, na akanikumbusha kwa upole kwamba nikichelewa mara tatu mkataba wangu umekwisha. Upole wake ndio ulionikata maini.

Kijiko, hii pikipiki haina hata miezi mitatu mikononi mwangu. Unajua mwenyewe nilivyouza mitamba wawili nikakupa fedha uninunulie huko mjini ulikokuwa, kwa kuwa bei ilikuwa afadhali. Naifuta kila jioni kwa kitambaa. Sevisi ya kwanza nimeipeleka siku ile ile mita ilipogonga elfu moja, nikagongewa muhuri kitabuni.

Mungu hamtupi mja wake, ina dhamana. Miezi sita au kilomita elfu sita, na mita inasoma elfu mbili mia moja na sitini. Nimeipeleka kwenye tawi la duka lao hapa, dai langu limeandikwa. Karani anataka risiti, ambayo umekaa nayo wewe, na barua ya mnunuzi, kwa sababu jina la mnunuzi ni lako. Niandikie maneno machache tu, kwamba uliinunua mpya na ukanikabidhi mpya. Mpe dereva wa lori la chakula alete, kama kawaida. Ungekuwa na mtandao huko ningekupigia simu, lakini ndiyo hivyo, tumerudi zama za karatasi.

Mama anakusalimu. Nami nakuombea.

Dadako


14 Februari

Dada yangu,

Pokea salamu kutoka vumbini. Mimi mzima, ila nikipiga chafya natoa matofali. Msimamizi wetu bado ana kile kipenga chake, anakipuliza hata akitaka kuomba chumvi. Lori la chakula lilichelewa siku tano, tukala maharage mpaka tukaanza kufanana. Hongera kwa binti. Mwambie kisahani si tusi, vikombe vyote vinakaa juu ya kisahani.

Pole sana kwa pikipiki. Nimesikitika mno. Risiti hii hapa, na barua ya mnunuzi nimeiandika hivi, uione kabla hujawapa:

"Mimi ndiye mnunuzi wa pikipiki hii. Nilimkabidhi dada yangu tarehe 9 Novemba, ikiwa safi, mita ikisoma nne."

Lakini kwa ushauri wangu, dada, achana na watu wa dhamana. Watakuchosha bure. Hawa ukiwapa chombo wanakigeuza ushahidi. Tafuta fundi wa mtaani, aitie pistoni mpya na ringi, siku mbili uko barabarani. Nitachangia kadiri Mungu atakavyonijalia. Mwenye duka hashindwi.

Mbusu mama magoti yote mawili.

Nduguyo


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na alama ya kidole chenye grisi, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Mama huwa anataka kuishika kwanza, anaipima uzito, ndipo ananirudishia nimsomee. Amecheka sana kwa habari ya kipenga. Mvua imeanza vibaya, imenyesha siku mbili ikakata tamaa. Ndama anakua.

Fundi wa mtaani siendi. Kama kitu ni haki yangu kwa nini nikinunue mara ya pili? Lakini kweli wananichosha. Nimekwenda dukani mara sita. Karani wao nimempa jina la Bwana Kesho. Siku ya kwanza fomu haikuwa na muhuri. Siku ya pili muhuri ulikuwa kwa meneja. Siku ya tatu meneja alisafiri, na muhuri alisafiri nao, sijui waliandamana kwenda harusini. Siku ya nne fomu zimebadilika, tuanze upya. Nikamwuliza kama Siku ya Kiyama nayo ataiahirisha. Akatabasamu, akasema kesho, mama.

Mara ya sita injini ikafunguliwa. Fundi mkuu wao ni mwanamke, mfupi, penseli sikioni, uso hauna hata punje ya kicheko. Alipanga vyuma juu ya gazeti kimoja kimoja, kama mtu apangaye vikombe vya wageni. Pistoni imekwaruzika, silinda ina mifereji unaihisi kwa ukucha. Akasema injini hii imechoka kuliko mita yake. Bwana Kesho akainama karibu na gurudumu la mbele, akaigusa ile nati inayoshika waya wa mita, akasema ina alama za koleo. Halafu akaniambia mbele ya wateja wote:

"Mama, mita hii imechezewa. Mnafungua waya, mnatembea, mnarudisha."

Mnafungua. Kwa wingi. Kana kwamba nina genge.

Kijiko, nina miaka hamsini na miwili. Nimeuza maziwa miaka kumi na tisa na sijawahi kutia hata kikombe kimoja cha maji. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaweka mkono juu ya kaunta, nikasema kwa sauti, "Wallahi, tangu itoke dukani hakuna aliyeipanda ila mimi, na waya huo haujaguswa." Fundi mkuu akasema pengine ni pampu ya oili, wamewahi kuletewa mbovu, ataichunguza kwanza.

Sasa nisaidie nimfunge mdomo yule karani. Ni maswali matatu. Je, ulipoileta kutoka mjini ilikuja kwa lori kweli njia yote? Je, mafundi wa kule walioiunganisha walitumia koleo kwenye ile nati? Na la tatu, risiti inasema tarehe 12 Agosti, nawe uliniletea Novemba ukaniambia dukani zilikuwa zimekwisha, unasubiri meli. Miezi hiyo yote ilikuwa wapi?

Mkataba wa wodi naushika kwa baiskeli ya marehemu mume wangu. Natoka saa kumi alfajiri. Kuchelewa bado ni ile mara moja ya Januari.

Dadako


17 Machi

Dada yangu,

Salaam. Mimi sijambo, kazi inaendelea, tumefika kwenye mawe. Kuna jiwe moja limetushinda wiki nzima, msimamizi amelipulizia kipenga, halikusikia. Wifi yako na watoto wazima, amepata kibarua cha kushona sare za shule. Mwambie mama kuna dawa ya magoti, ya kupaka, nitaituma, ila inanuka kama beberu.

Maswali yako nayajibu. La lori: ndiyo, ilikuja kwa lori, wewe mwenyewe ulisimama mlangoni ukituona tunaiteremsha. La koleo: mafundi wa maduka makubwa ni watu wa haraka, ukikuta kashika koleo mahali pa spana usishangae. La tatu limenitoka akilini, na barua yako niliisahau kwenye suruali ikafuliwa.

Ila dada, usiwe unaapa. Jina la Mungu ni zito kuliko pikipiki. Mtu anaweza kuapa kwa kitu asichokijua vizuri.

Salamu kwa wote.

Nduguyo


8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Dawa ya beberu imefika. Mama amepaka, paka ameondoka nyumbani. Magoti anasema yana nafuu, lakini naona ni furaha ya kukumbukwa na mwanawe.

Nina habari mbili, na sijui ipi nianze nayo.

Ya kwanza ingekuwa ya kushukuru. Dai langu limekubaliwa. Fundi mkuu aliandika kwenye ripoti kwamba pampu ya oili inaonekana kuwa na kasoro, na penye nafasi ya maoni akaandika, "Naamini kauli ya mteja," akatia saini kwa jina lake. Bwana Kesho mwenyewe ndiye aliyeninong'oneza kwamba bila mstari ule makao makuu wangekataa. Amenidhamini, Kijiko. Mtu hanijui, hatujawahi kunywa hata maji pamoja, kasimama nyuma ya neno langu. Injini nzima mpya inakuja, wiki tatu au nne. Nilirudi nyumbani nikasujudu.

Ya pili ndiyo inayonikosesha raha.

Siku ile ile waliniambia nitoe kile chuma changu cha kubebea makopo, wasije wakakipoteza. Nikachuchumaa kando ya pikipiki, nafungua nati, na macho yangu yakawa usawa na vile viegemeo vya miguu vya nyuma, vya abiria. Mpira umelika. Umelika ukawa laini kama kipande cha sabuni ya wiki mbili, upande wa kulia zaidi. Wao wote walikuwa wanatazama injini, hakuna aliyeangalia huko. Mimi abiria sijawahi kumpakia hata mmoja. Nyuma yangu hukaa makopo. Na maziwa hayana miguu.

Nikajisemea labda ilitoka dukani hivyo. Nikajisemea mengi njiani.

Nilipofika nyumbani nikatoa barua zako zote kwenye kabati, na ile karatasi uliyokuja nayo na pikipiki mwezi wa Novemba. Nikazisoma tena polepole, kidole juu ya mstari. Nilikuomba uandike kwamba uliinunua mpya ukanikabidhi mpya. Uliandika ikiwa safi. Uliandika mita ikisoma nne. Neno mpya, mdogo wangu, halimo. Halimo hata mahali pamoja. Umelizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi na viatu vya Idi.

Unakumbuka kwa nini tunakuita Kijiko? Ulikuwa na miaka sita. Sukari ya wageni ilipungua, mama akakuuliza, ukaapa hujala. Akakuuliza mara tatu, ukaapa mara tatu, macho makavu. Baba ndiye aliyekuta kijiko chini ya mto wako. Ukasema, "Sijala. Nililamba kijiko." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na jina likabaki. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Sasa sicheki. Nakuuliza swali moja tu, na nguo ya kuifulia barua hii usiwe nayo. Ulikula au ulilamba?

Dadako


6 Mei

Kijiko,

Salamu. Sote wazima.

Lori la chakula limekuja mara mbili. Dereva nimemwuliza kama umeugua. Amesema hapana, alikuona umekaa juu ya pipa la lami unakula muwa.

Injini imefika tangu Alhamisi. Imo ndani ya sanduku la mbao, jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi. Bwana Kesho amenipigia simu mara nne, yeye sasa ndiye anayenibembeleza nije leo. Mimi ndiye ninayemwambia kesho. Siwezi kutia saini kitabu cha kupokea, kwa sababu mstari wa juu unasema mteja anathibitisha maelezo yake yote ni ya kweli, na mimi sijui maelezo yangu ni nini.

Juzi mnyororo wa baiskeli ulikatika. Hiyo ni mara ya pili kuchelewa. Sista mkuu aliitazama saa ya ukutani.

Nasubiri wewe.

Dadako


12 Mei

Dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumaini mama hajambo na binti anaendelea na masomo. Huku joto. Nimeanza barua hii mara tano, karatasi nyingine nne zimewashia moto wa chai.

Ile kazi yangu ya bohari huko mjini iliisha Julai. Walitupunguza watu kumi na mmoja. Sikukuambia, sikumwambia hata wifi yako kwa mwezi mzima, natoka asubuhi nimevaa shati la kazi naenda kukaa stendi. Fedha za pikipiki sikuzigusa, Mungu shahidi, nilinunua Agosti kama ulivyoniagiza. Ilikuwa nikupakilie lorini siku ya pili yake. Nikasema iache wiki moja. Chombo kikikaa kinaota kutu, nikakichangamsha kidogo, abiria wawili watatu wa sokoni. Ile wiki ikazaa nyingine. Watoto walikuwa wanakula, dada. Waya niliufungua kwa kuwa sikutaka uione imetumika ukavunjika moyo. Niliiosha kwa mswaki. Tairi la nyuma nilinunua jipya, usiseme sikufanya kitu. Hivyo viegemeo sikuvifikiria, sijui kwa nini.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Wewe uliapa kwa ulichokijua, na ulichokijua kilikuwa kweli. Dhambi hapo haipo, kama ipo ni yangu. Kampuni ile ina maduka kama utitiri, injini moja kwao ni kama unywele kwa ng'ombe. Wodi inakusubiri. Nenda katie saini, uchukue, upeleke maziwa. Karatasi hii itie jikoni chini ya sufuria, na mama asijue.

Nilikuwa na nia ya kukuambia. Kila lori likija nilikuwa na nia.

Nduguyo


30 Mei

Mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Mama hajambo. Binti anasoma. Ndama ameanza kula majani. Haya, zimekwisha salamu.

Barua yako ilifika mchana, mama yupo ukumbini anachambua mchele. Akaishika, akaipima, akanirudishia nimsomee. Nikamsomea mama hajambo, binti anaendelea na masomo, huku joto. Nikaikunja. Akasema, "Na chini ya salamu?" Nikamwambia ni mambo ya pikipiki tu. Haukuwa uongo, Kijiko, kila neno lilikuwa la kweli. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya kibao, nikagundua kwamba kile kijiko hakikuwa chini ya mto wako peke yako. Nikarudi nikamsomea yote. Hakulia. Aliendelea kuchambua, akachambua hadi mchele uliokuwa safi, kisha akasema alitamani baba asingecheka siku ile.

Nilimwendea imamu. Akasema aliyeapa akiamini hana lawama. Nikaanza kupumua. Akaongeza kwamba lawama huanza saa ile anapojua na akaendelea kunufaika. Nilijua atasema hivyo, ndiyo maana nilichelewa kumwendea.

Jumatano nikaenda dukani. Nilimwambia Bwana Kesho nimekuja kufuta maneno yangu, pikipiki ilitumika kabla haijanifikia na waya wa mita ulifunguliwa. Akadhani nimepigwa na jua kichwani. Alitafuta kwenye droo. Ipo fomu ya kudai, ipo ya kulalamika, ipo ya kukata rufaa, ya mtu kujikana mwenyewe haipo. Miezi minne nimezungushwa kupewa haki, na sasa nazungushwa kuirudisha. Nikaomba karatasi tupu nikaandika kwa mkono wangu. Nikamwuliza nije lini kwa jibu. Akasoma, akagonga muhuri, akasema, "Leo, mama. Imekataliwa." Mara ya kwanza nasikia neno hilo kinywani mwake.

Jina lako sikulitaja, lakini mnunuzi ni mmoja, na Bwana Kesho si mjinga.

Kilichoniuma si hicho. Fundi mkuu alitoka nyuma na ripoti yake. Akatoa penseli sikioni akakuta haifai, akaomba kalamu, akapiga mstari juu ya jina lake. Nikamwomba radhi. Akasema miaka kumi na mmoja yuko pale na hajawahi kumwandikia mteja maneno yale, na sasa hataandika tena. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Kuna mteja mwingine atakayekuja na neno lake la kweli, Kijiko, na hatakuta mtu wa kusimama nyuma yake. Huyo ndiye uliyemlia sukari.

Nilipokuwa natoka aliniita tena. Akasema injini nzima haihitajiki, silinda inaweza kuchongwa na pistoni kubadilishwa, ila vyuma vyote lazima visuguliwe kwa mkono, ni kazi ya wiki nzima na yeye hana mtu wa kumpa. "Mlete huyo aliyeipanda," akasema. "Nitamwonyesha pa kuanzia."

Ile injini wameirudisha na sanduku lake, jina langu likiwa bado ubavuni.

Mkataba wa wodi umekwenda. Jumatatu nilichelewa mara ya tatu. Amepewa mtu mwenye gari dogo lenye jokofu. Sista mkuu alinishika mkono akasema watoto watauliza mama wa makopo yuko wapi. Sasa nauza nyumba kwa nyumba mtaani, lita zinazobaki tunakunywa wenyewe, mama anasema hajawahi kunywa maziwa mengi hivi tangu unyonye wewe.

Nimekuwa na hasira nawe mpaka nikikuombea dua inanikwama. Lakini naomba tu. Si pikipiki iliyoniudhi zaidi. Ungeniandikia Julai, "Dada, kazi imekwisha," ningekupa mtamba mmoja nikaendelea na baiskeli, na sote tungekula. Ulidhani mimi ni nani?

Likizo yako ni lini? Baiskeli inakungoja. Mnyororo nimeufunga upya, nimeutia mafuta.

Na swali langu la Aprili bado halijajibiwa. Uliandika kurasa mbili. Nimeona kuchangamsha, nimeona kidogo, nimeona wiki iliyozaa wiki. Jibu sijaliona.

Dadako


9 Juni

Dada,

Salamu nitazileta mwenyewe.

Nilikula.

Nafika Jumanne na lori la chakula. Mwambie fundi mkuu nakuja na sabuni yangu, na makopo niachie mlangoni.

Kijiko